Vidung'ata Shingoni mwa Malkia

Fundi Lenzi alimpenda Malkia kuliko mkewe, na hilo halikuwa siri kwa mtu, mkewe akiwa wa kwanza kulijua. Malkia alikuwa mmea. Alining'inia dirishani katika chumba cha mbele, palepale fundi alipotengenezea saa, na kwenye ncha za majani yake ilibembea mitungi myekundu yenye vifuniko ambamo nzi walizama wakawa chakula. Chini yake, rafuni, vilikaa vyungu kumi na kimoja vya jamaa zake: wenye meno, wenye gundi, wote wala nyama. Kwa miaka ishirini fundi aliwalea, na mkewe akawabebea maji.

Maji yenyewe yalikuwa ya mvua tu, maana ya bomba yana chumvichumvi na yangewaua. Mke aliyakinga uani, akapanda nayo ngazi akiwa na mimba, akapanda nayo mgongo ukimuuma, na asante hakuwahi kuisikia hata kwa bahati mbaya.

Wateja hawakuchoka kuuliza: mmea unaokula wadudu utaliwaje na wadudu?

"Kwani nyumba ya polisi haiibiwi?" fundi aliwajibu.

Nzi humezwa. Kidung'ata, kale kadudu keupe kama kipande cha pamba, hakana habari na mtungi. Hujibanza shingoni mwa jani na kufyonza. Ukikawahi, unakatoa kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa spiriti, unarudia kila baada ya siku chache, na mgonjwa unamtenga. Mmea mgeni nao ulikaa bafuni peke yake mwezi mzima kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na mke aliijua kuliko jina la mama mkwe wake.

Halafu mtoto wa jicho akaingia, macho yote mawili. Fundi aliogopa hospitali, lakini woga wake aliuita kazi nyingi. Tena nani angempa saa fundi asiyeona? Basi mke akawa macho yake. Mlango ukiwa umefungwa, alivaa lenzi na kumwelekeza mumewe kibano kiende wapi. Kila saa ilipomalizika fundi aliuliza, "Ikoje?" naye akajibu, "Safi." Mlango ukifunguliwa, alirudi kuwa mbeba maji.

Siku moja Mwalimu, mteja wao wa miaka mingi, alileta zawadi ya mmea wa gundi. Fundi hakuona kitu, lakini angekirije mbele ya mteja? Aliuinua kwenye mwanga, akakunja uso kama mtaalamu, kisha akauweka moja kwa moja chini ya Malkia.

"Mzima kabisa," alisema. "Jicho langu halidanganywi."

Wiki tatu baadaye mke aliona weupe shingoni mwa Malkia. Alifurahi kwamba amewahi, na furaha ikamponza, akasema mbele ya Mwalimu na wateja wawili.

"Fundi, Malkia ana vidung'ata. Ni vitatu tu. Nilete spiriti?"

Fundi aliwageukia wateja. "Jamani, msikieni bwana shamba wangu! Macho yake hayo ni pambo la uso. Miaka thelathini ninaye ndani, hajajua tofauti ya mdudu na vumbi."

Waliangua kicheko. Mwalimu alicheka hadi akafuta machozi.

"Samahani, Fundi," mke alisema. "Ni vumbi."

Kesho yake, mlango ukiwa bado haujafunguliwa, fundi aliuliza kwa sauti ya chini, "Lile vumbi la Malkia?"

"Nimelipangusa. Safi."

Hakupangusa kitu. Alivaa lenzi na kuwahesabu wadudu: tisa. Wiki iliyofuata hawakuhesabika. Alimchukia mumewe kwa utulivu, huku akimwagilia vyungu vyote bila kukosa siku. Majani yalijikunja, ute wa kunata ukadondokea rafu, ukungu mweusi kama masizi ukapanda juu yake, na wadudu wakahamia kwa jamaa. Kila asubuhi fundi aliuliza, na kila asubuhi alijibiwa safi. Chupa ya spiriti ilikuwa kabatini, imejaa.

Asubuhi moja mtungi mkavu ulianguka juu ya meza ya kazi. Fundi aliupapasa, akainuka, akapeleka mkono shingoni mwa Malkia. Jani lilibaki mkononi mwake, na vidole vikatoka na utando mweupe unaonata.

"Tangu lini?"

"Tangu lilipokuwa vumbi."

"Na hawa wengine?"

"Wote, Fundi."

Alilia. Mwanamume mzima alilia kwa sauti, na mkewe akasimama kumtazama mpaka amalize. Kisha mkono wa fundi uligusa boksi la saa zilizokwisha tengenezwa, ukasita hapo.

"Na saa?" aliuliza. "Hizi unazoniambia ziko safi? Ile niliyomrudishia Mwalimu juzi?"

Saa zote zilikuwa nzima. Mke hakuwahi kumdanganya hata kwa skrubu moja, na kumwambia hivyo kungechukua pumzi moja tu. Huko nje wateja walikwishaanza kubisha, na Mwalimu alisikika akiita hodi.

"Safi, Fundi," alisema, akaenda kuwafungulia mlango.