Kitunguu Kisichotoa Chozi

Liko ua moja jeupe ambalo kila nikilinusa nasikia njaa. Wenzangu wakilinusa hufumba macho na kutabasamu. Mimi hukumbuka mafuta ya moto, nyanya zilizoanza kulainika kikaangoni na tangawizi iliyopondwa, na tumbo huanza kunguruma bila haya. Wachina huliita shuixian. Shui ni maji, na xian ni kiumbe wa mbinguni asiyezeeka, kwa hiyo ukitaka kulitafsiri harakaharaka utasema malaika wa maji. Huoteshwa ndani ya nyumba wakati wa baridi, kwenye sahani ya maji na vijiwe, bila punje ya udongo, na watu wa Guangzhou huomba lichanue pale mwaka mpya wao unapoingia. Lakini kabla halijawa ua, huwa ni tunguu la kahawia lenye maganda makavu, na hapo ndipo tulipokosea mimi na mama.

Nilikuwa na miaka minane, na miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mama alinunua vitambaa kwenye soko la Zhongda, hapohapo Guangzhou, na kuvisafirisha Moshi na Arusha, na alikuwa amenichukua kwa bibi kwa sababu, alisema, hakuzaa ili amwone mwanawe kwenye picha. Tulipanga chumba kimoja na jiko dogo, ghorofa ya nne, nyuma ya shule ya msingi ya mtaa ule, na shule ikakubali kunipokea. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe; mimi nilikuwa kuku mweusi, na banda zima jeupe. Wiki ya kwanza kiu ikanishika darasani, nikasimama kwa adabu zote nilizofundishwa na bibi na kumwomba mwalimu maji. Sikujua kwamba neno lile shui ukilibembeleza kwa sauti ni maji, na ukiliangusha ni usingizi. Nikaliangusha. Darasa likasikia mtoto mgeni akitangaza mbele ya mwalimu kwamba anataka kulala, na kicheko kilichofuata nilikisikia hadi miguuni. Nikakaa, nikafunga mdomo, na sikuufungua tena shuleni muhula wote.

Watu hudhani mtoto asiyesema hajui kitu. Mimi nilijua. Nilikuwa nadaka maneno yao kama kuku adakavyo kumbikumbi, nayameza, nayatunza. Lakini mama hakuwa na njia ya kujua hilo. Alirudi jioni amechoka, akaniuliza leo umesema nini shuleni, na kila siku jibu lilikuwa moja. Mwisho akakata shauri: rafiki yake Mama Glory alikuwa anarudi nyumbani wiki moja baada ya shule kufunguliwa, nami ningeondoka naye, nirudi kwa bibi. Alilisema bila hasira, akinisuka nywele, na ndiyo maana liliniuma zaidi. Sanduku jekundu likawekwa pembeni ya kitanda, nguo zangu zikaanza kuingia humo moja moja. Nilimpenda sana bibi, lakini kulala mbali na mama kwa mara ya pili sikutaka hata kufikiria.

Ndivyo likizo ya baridi ilivyotukuta. Baridi ya Guangzhou haina theluji ya kujivunia. Ni unyevu unaopenya sweta tatu na kukaa kwenye mifupa, na nyumba zetu hazikuwa na chochote cha kuufukuza. Lakini mtaa ule ulijua kuipokea. Kwenye roshani zilining'inia soseji na vipande vya nyama vilivyokaushwa kwa upepo, vikinukia pombe na sukari. Maganda ya machungwa yalianikwa dirishani kila nyumba. Siku ya kufunga shule walimu walitoa meza nje ya lango, wakatia brashi kwenye wino mweusi na kumwandikia kila mzazi maneno ya heri kwenye karatasi nyekundu, abandike mlangoni, na walimwandikia mama vilevile kama walivyowaandikia wengine, wakampa na ya ziada kwa ajili ya dirisha. Sijaona shule nyingine iliyojifanya ukoo wa mtaa mzima namna ile. Na siku hiyohiyo mwalimu wetu, Mwalimu Liang, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akampa kila mwanafunzi tunguu moja lililofungwa kwenye gazeti. Tulioteshe likizo nzima, alisema, tulirudishe shule ikifunguliwa, na kila mtu asimame na ua lake aseme sentensi moja juu yake. Nililipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeelewa kila neno, hasa lile la kusimama na kusema.

Nililiweka mezani, nikashuka uani kuokota vijiwe. Huko nikamkuta Mwalimu Liang anazunguka mtaani na mfuko wa machungwa. Walimu wa wakati ule walikuwa na desturi hiyo: shule ikifungwa huenda nyumba kwa nyumba, wanakaa, wanakunywa chai, wanaona mtoto analala wapi na anakula nini. Akanishika mkono tukapanda ngazi pamoja. Harufu ya nyanya na tangawizi ilitupokea tangu ghorofa ya tatu. Mlango ulikuwa wazi, na mama alikuwa amesimama mbele ya kibao cha kukatia, kisu mkononi, anaongea peke yake kwa ghadhabu.

"Kitunguu gani hiki, hakitoi hata chozi! Kinateleza kama bamia!"

Mboga za sokoni zilikuja zimefungwa kwenye gazeti, na tunguu langu nalo lilikuwa kwenye gazeti. Angejuaje? Alikuwa ameshalimenya upande mmoja, ganda juu ya ganda, hadi machipukizi yakaonekana ndani yamelala kama vidole vya kitoto kichanga. Alipomwona mgeni uso ukamkunjuka. Mama alimwita kila Mchina laoban, yaani bosi, awe muuza vitambaa au mfagiaji, na hakumbagua mwalimu.

"Karibu, laoban, karibu! Chakula kinaiva sasa hivi!"

Mwalimu hakukaribia. Aliruka. Akamshika mama kifundo cha mkono, kisu kikiwa bado hewani, akapiga kelele: "Bu neng chi! Bu neng chi!" Mama akanitazama mimi, macho yamemtoka. Hapo sikuwa na nafasi ya kuona aibu, kwa sababu mafuta yalikuwa yanatoa moshi na chakula kilikuwa kinaingia sumu.

"Mama, anasema hakiliwi. Kina sumu. Ni ua!"

"Kinaua?"

"Ni ua, mama! Ua la kupamba!"

"Sasa kinaua au ni ua?"

Vyote viwili vilikuwa kweli. Kumbe hata Kiswahili chetu kina mitego yake, tena bila kupandisha wala kuangusha sauti. Mama aliweka kisu chini, akazima jiko, akanawa mikono mara mbili. Kisha akageuka polepole, na hakuwa anaangalia tunguu tena. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Kumbe unawaelewa?" aliuliza.

Mwalimu Liang, naye, alikuwa amelichukua tunguu lile lililojeruhiwa na kulipeleka penye mwanga. Nilidhani atalitupa. Badala yake akacheka, akachukua kisu kilekile cha jikoni, akavuta kiti na kuanza kuchonga. Alituambia, nami nikamfasiria mama neno kwa neno, kwamba wako mafundi wa makusudi wanaomenya shuixian upande mmoja namna hii, ili majani yajikunje kama makucha ya kaa badala ya kusimama wima. Ni kazi ya sanaa, na mama yangu alikuwa ameianza bila kufundishwa na mtu. Akakwangua kingo za majani bila kugusa chipukizi la ua, akafunika kidonda kwa pamba iliyolowa, akaliweka kwenye sahani yetu ya bati. Halijafa, alisema. Litachelewa tu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na siku ile niliuona uhunzi wenyewe, kwenye mikono ya mwalimu wa darasa la pili.

Ndipo akaliona sanduku. Akalinyooshea kidole, akaninyooshea mimi, akauliza lini. Nikamfasiria mama, na mama akanijibu kwa Kiswahili, akitaka nimwambie mwalimu kila kitu: kwamba mtoto hasemi, kwamba mama yupo sokoni kutwa, kwamba mtoto asiye na rafiki hunyauka. Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Kutoka Kichina kwenda Kiswahili nilipita bila shida. Kurudi, njia ilikuwa imefungwa. Mwalimu alisubiri, akanitazama jinsi nilivyokuwa nahangaika, na nadhani alielewa bila mimi. Akasema: mwambie mama asubiri siku ya kufungua shule, siku ya sentensi. Nikamwambia, na mama akaitikia kwa kichwa.

"Sawa. Siku hiyo nitakuja mwenyewe kusikiliza. Ukifungua mdomo, unabaki na mimi. Usipofungua, mwanangu, usinilaumu."

Likizo ile lango la shule halikufungwa. Asubuhi yenye jua sisi watoto tulishusha sahani zetu na kuzipanga kwenye ngazi za shule zipate joto, na jioni kila mtu alipandisha yake. Sahani yangu ya bati ilikuwa kati ya bakuli zao za kauri za buluu, na tunguu langu lenye bandeji ya pamba lilikuwa kichekesho cha mtaa, lakini si kichekesho cha dharau. Bibi zao walikuja kulichungulia kama wanaozuru mgonjwa. Mmoja alinibadilishia maji nilipochelewa, mwingine aliligeuza jua lilipohama. Sikuwaambia asante, maana mdomo ulikuwa bado mzito, ila niliinamisha kichwa na wao wakakipokea kichwa changu kama neno kamili. Siku ya mwaka mpya fataki zilisikika kutoka mbali, na majirani wakagonga mlango wetu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na machungwa mawili mikononi, majani yake yakiwa bado yameshikilia. Mama alilia jikoni, akanidanganya kuwa ni moshi. Maua ya wenzangu yalikuwa yamechanua. Langu lilikuwa majani matupu, yamejikunja, kijani, yamekaidi. Nililitazama, nikalitazama sanduku, na usiku nikamwomba Mungu wa bibi alihimize kidogo.

Subira huvuta heri, ila haituambii inapitia njia gani. Shule ilipofunguliwa, maua mengi ya wenzangu yalikuwa yameanza kulegea na kupata kingo za kahawia. Langu lilikuwa limechanua siku mbili tu kabla, likiwa bichi, jeupe, kikombe cha njano katikati, juu ya majani yaliyojipinda kama kaa anayetaka kutoroka sahani. Nilipoingia nalo darasani watu waligeuka kulitazama. Mama alikuwa amesimama nje, kwenye dirisha la varanda, kitenge juu ya koti, midomo imebanwa. Wenzangu wakasimama mmoja mmoja. Ua langu linanukia. Ua langu lina vikonyo vitatu. Ua langu bibi amelipenda. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimejifunza sentensi moja nzuri ya kusema, kitu juu ya majira ya kuchipua, na ilipofika midomoni ikayeyuka. Nikamwangalia Mwalimu Liang. Hakunisaidia, wala hakuniharakisha. Nikamwangalia mama pale dirishani, na kilichotoka ni ukweli mtupu, kwa Kichina, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia: "Mama yangu alidhani ni kitunguu."

Kicheko kilipasua darasa. Kilikuwa kikubwa kuliko kile cha maji na usingizi, lakini safari hii mimi ndiye niliyekiwasha, nami nilikuwa ndani yake, nacheka hadi maji ya sahani yanamwagika kwenye sketi. Mama hakuelewa neno hata moja. Aliona tu mwanawe anasema na watu wanacheka naye, akaanza kucheka pia, mkono mdomoni, na jioni ile bila maneno mengi alizirudisha nguo zangu kabatini. Kitunguu kwa Kichina ni yangcong, na yang maana yake ni ng'ambo: kitunguu cha ng'ambo. Jina likanikaa siku hiyohiyo. Wengine wangeliita tusi. Mimi nililivaa kama nguo ya sikukuu, na miaka minne niliyosoma pale hakuna aliyeniita Manka isipokuwa daftari la mahudhurio.

Leo mimi ndiye ninayenunua vitambaa Zhongda, mama amestaafu Moshi na anafuga kuku. Siku hizi treni za chini ya ardhi zinakupeleka hadi kumbi za maonyesho Pazhou kabla hujamaliza kujibu simu, na walimu huwatumia wazazi ujumbe wa pamoja. Sijasikia tena mwalimu anayepanda ngazi za ghorofa nne na mfuko wa machungwa. Huenda watoto wanasoma vizuri zaidi. Sina ubishi. Mwaka huu kabla ya sikukuu nilikwenda kumwona Mwalimu Liang kwa binti yake. Binti alinitahadharisha mlangoni: mama hakumbuki watu, na sasa hasemi karibu kabisa. Nilimkuta dirishani, mdogo zaidi ya nilivyomwacha, mikono mapajani. Nilizungumza, nikamwambia habari zote, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa na maneno na yeye ndiye kimya. Hakuonyesha kunijua. Basi nikatoa tunguu nililomletea, nikaliweka kwenye kibao cha jikoni mbele yake, nikachukua kisu na kuanza kulimenya upande mmoja.

Mkono wake ukaruka na kunishika kifundo. "Bu neng chi!" alisema, kwa sauti ileile kubwa kuliko mwili wake. Hakiliwi! Halafu akanitazama usoni, kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo, akaniita: "Yangcong."

Mama alisema kitunguu kile hakitoi chozi. Kinatoa. Kinachelewa tu.