Feni Yangu kwenye Sola ya Bi Somoe

Wakala wa sola alipopita kwetu Mtanda, nilimkatalia mbele ya jirani yangu Bi Somoe. "Mkataba wa miaka miwili? Mimi nanunua uniti za umeme nikitaka. Sifungwi na mtu!"

Bi Somoe akafungiwa sola. Uniti zangu zikaisha, nikamwomba anipitishie waya dirishani nichaji simu tu. Joto lilipozidi nikachomeka na feni, siku tatu mfululizo.

Usiku wa kuamkia jana betri yake ikamzimia; mchana, jua lilipoirudishia chaji kidogo, akamwita wakala. Wakala akaufuata ule waya mpaka kwangu.

"Hodi!"

"Karibu," nikaitikia, nimejilaza mkekani, feni inanipepea.

Bi Somoe alikuwa nyuma yake, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama," akasema wakala. "Kumbe na wewe uliingia mkataba, tena kwa jina la jirani."