Mfumo Usiosalimia Watu

Hakuna kitu kinanipandisha hasira kama mtu kuniletea tatizo ambalo halipo. "Je, kama siku moja..." Ukinianzia hivyo nachukua sweta langu naondoka, na usinifuate.

Kwetu huku juu ya Lushoto, ukishapita Magamba, kuna kituo cha maziwa cha kikundi. Chumba kimoja, mzani, tangi la kupozea, na mama mwenyekiti ambaye akikohoa tu watu wananyamaza. Alfajiri wafugaji wanashuka na maziwa kutoka vilimani, yanapimwa, yanamwagwa kwenye tangi, gari inakuja kuyachukua. Umeme ukikatika usiku, tangi halipozi, na maziwa hayapokelewi. Tatizo letu lote ni hilo, hakuna lingine. Mtu kashuka mlima na ndoo kichwani, anaambiwa panda nayo tena.

Na mmoja wa hao watu ni shangazi yangu aliyenilea. Ana ng'ombe mmoja na goti bovu. Njia ya kwake, ukungu ukishuka na ule udongo mwekundu ukilowa, hata mbuzi anaikwepa.

Kwa ajili ya goti hilo mimi na mwenzangu tulitengeneza kitu. Tumekua pamoja, na programu tumejifunza pamoja kwenye simu ya kioo kilichopasuka, bila mwalimu. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo, hata aibu kukielezea. Mlinzi wa kituo akiona tangi limezima ananibipu. Mimi nabonyeza kitufe kwenye laptopu, meseji inaenda kwa wafugaji wote: "Shikamooni. Umeme hakuna. Asubuhi hii msishushe maziwa." Imeisha hiyo.

Wazee waliipenda. Walikuwa wanajibu! Simu tuliyoiunganisha na laptopu inajaa "Marahaba" mpaka inakuwa nzito. Shangazi yeye anaandika: "Marahaba baba, umekula?" Anajua vizuri imetumwa na mashine, ila anajua pia nyuma ya mashine nimekaa mimi.

Basi mwenzangu akaenda semina Dar. Wiki hazikuwa nyingi, lakini karudi mtu mwingine. Anaongea huku anachora hewani.

"Kaka, hiki kitu chetu hakiwezi kukua."

"Kikue kiende wapi?"

"Je, kama siku moja tuna watumiaji milioni?"

"Milioni ya nani? Huku mlimani hata ukihesabu na kuku hawafiki."

"Wewe unafikiria leo. Mimi nafikiria Zirai, Muheza, nchi nzima. Kenya! Kongo!"

"Kongo wana tangi letu?"

"Ndio maana hutoki hapa, wewe."

Nikamwacha, si kwa sababu alikuwa na akili, ni kwa sababu ni mwenzangu. Nikasema labda ataishiwa.

Hakuishiwa. Alifuta kitu chetu na kuanza upya. Akaweka seva ya kwanza, ile kompyuta ya kutunza na kutuma meseji, na ya pili kama ya kwanza ikifa, na nyingine ya kuziangalia hizo mbili zisife. Akaweka ngazi za uongozi: msimamizi wa kijiji, wa wilaya, wa kanda. Kanda! Wakati uongozi wetu ni mama mwenyekiti na mlinzi anayesinzia. Akaweka sehemu ya fedha za nchi jirani. Nikamuuliza nani atalipa kwa fedha za jirani, akasema, "Tunajiandaa." Kujiandaa gani huko? Ni kumshonea sare za shule mtoto ambaye baba yake bado anatafuta mchumba.

Lakini kilichotumaliza ni lugha. Kwa sababu ya Wakongo wake wa ndotoni, kila mfugaji kabla hajapata meseji ya kwanza lazima achague lugha. Mchana mmoja, simu za mlima mzima zikalia kwa pamoja, namba ngeni: "Chagua lugha. 1 Kiswahili. 2 Kiingereza. 3 Kifaransa." Hakuna shikamoo, hakuna habari za kutwa, hakuna sisi ni nani.

Watu wenyewe nyumbani wanaongea Kishambaa!

Usiku wa siku hiyohiyo mvua ikanyesha na umeme ukakatika. Mlinzi akabipu, nikabonyeza. Mfumo mpya ukaniandikia kwa rangi ya kijani: "Imepokelewa." Nikalala kama mtoto. Kumbe imepokelewa na seva, imekaa palepale inasubiri wazee wachague Kifaransa.

Kulipopambazuka nikatoka nje ya chumba changu, jirani na kituo, nikawaona wafugaji. Mlango wa kituo umejaa ndoo. Na nyuma yao kabisa, kwenye kona ya njia, shangazi anakuja upandeupande kama anashuka ngazi. Kanga imejaa tope ubavu mzima. Ndoo iko nusu, nusu nyingine imemwagika mlimani.

"Shikamoo shangazi. Umeanguka?"

"Marahaba. Sijaanguka, nimekaa chini bila kupenda. Pima maziwa."

"Umeme hakuna, shangazi. Hayapokelewi."

Aliniangalia. Ningepigwa kofi ingekuwa afadhali.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Hukuona meseji ya kuchagua lugha?"

"Ile? Ile ni yako wewe?" Akacheka kwa hasira. "Nilijua matapeli. Si ndio wao? Hawasalimii, wanakwenda moja kwa moja kwenye namba. Nikaifuta, na jirani nikamwambia afute."

Mlima mzima walikuwa wameifuta. Hakuna hata mtu mmoja aliyechagua kitu. Nilimbebea ndoo mpaka kwake, yeye nyuma ananishika bega, na kila hatua nasikia lile goti linavyolia. Nilikuwa namtukana mwenzangu kimoyomoyo, mpaka matusi yakaniishia.

Jioni kikao. Mama mwenyekiti akakohoa, akamnyooshea mwenzangu kidole. "Huyu kijana arudi akalime karoti. Meseji zake hatuzitaki tena. Tutarudia kupigiana kelele kutoka kilima mpaka kilima kama zamani."

Nikasimama. "Mama, shikamoo. Huyu ukimfukuza umenifukuza mimi. Kama ni kutukana, nitukane mimi, nimezoea. Tupeni nafasi ya kurudisha ile ya zamani. Umeme ukikatika tena na mtu mmoja tu akashuka na ndoo, tutaondoka wenyewe bila kufukuzwa."

Mama akakohoa tena. "Na isalimie," akasema.

Tulipofika nje nilimpa yangu. "We mjinga! Umejenga barabara ya Kongo, shangazi yangu hana hata ngazi ya kushukia! Hao milioni wako wapi? Waite! Waje wambebe!" Alikuwa analia, nami nikamshika shingo tukaenda zetu.

Kile kitu kidogo tulikirudisha. Umeme, kama kawaida yake, haukuchelewa kukatika. Mlinzi akabipu, nikamsogezea mwenzangu laptopu, akabonyeza yeye.

Kulipokucha tukaenda kusimama mlangoni pa kituo. Njia nyeupe kwa ukungu, hakuna mtu. Hakuna ndoo hata moja. Mama mwenyekiti alipita, akaangalia njia, akatuangalia sisi, akaendelea na safari yake bila kukohoa.

Simu ikaanza. Marahaba. Marahaba. Marahaba wanangu. Halafu ya shangazi: "Marahaba baba. Leo nimelaza goti langu. Huyo mwenzako amekula?"

Mwenzangu akaisoma, akaisoma tena. Akafuta macho. Nikaona uso wake unabadilika, mkono unaanza kupanda kuchora hewani.

"Kaka," akasema, "hebu fikiria, je, kama siku moja..."

Sweta nilikuwa nimeshaliweka begani.

"Mjibu shangazi kwanza," nikamwambia.