Sauti ya Nosim kwenye Simu ya Chanjo

Nosim ana duka Wasso, kwenye njia ya kwenda hospitali. Anauza unga, sukari, majani ya chai na shanga. Mtoto wake wa kwanza ni Simel, kwa hiyo wengi humwita Mama Simel. Jumapili husoma matangazo kanisani bila haraka na bila kumeza maneno, na hapo ndipo Inosenti alipomsikia.

Inosenti ni kijana wa Karatu, mtaalamu wa kompyuta, aliyeletwa na mradi mmoja wa serikali wa chanjo ya mifugo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wafugaji wanajua mapema daktari wa mifugo atafika wapi na siku gani. Mradi ulikuwa ukiwatumia ujumbe wa maandishi, na ofisini kila mtu aliamini mambo yanakwenda vizuri. Inosenti akaenda kwenye minada ya mifugo kuuliza. Ujumbe ulikuwa unafika kweli, lakini wengine hawakujua kusoma, na waliojua waliufuta wakidhani ni bahati nasibu. Akarudi na wazo jingine: mtu apige namba bila malipo, asikie sauti ya mtu.

"Mama Simel, naomba uniazime sauti yako," alimwambia dukani.

"Nikikuazima, utairudisha lini?"

Walirekodi stoo, katikati ya magunia ya unga, kwa sababu magunia yanazuia mwangwi. Mlangoni walitundika blanketi. Kila walipofika katikati mteja aligonga, wakaanza upya.

Huduma ikafunguliwa, na Nosim akaanza kujulikana na watu asiowajua. Mama mmoja aliyekuja na basi kutoka Engaresero alimsikia akiagiza chai kwenye mgahawa, akageuka na kumwambia, "Wewe ndiye wa chanjo." Nosim alifurahi siku nzima.

Kisha likaja la Mzee Senteu. Mzee huyu alikuwa rika moja na marehemu baba yake Nosim, na kila siku ya mnada alipita dukani kununua sukari na tumbaku. Nosim humwinamishia kichwa, naye humwekea mkono utosini, kama mtu na binti yake. Siku hiyo Nosim aliinamisha kichwa, mkono haukuja. Mzee alitaja anachotaka, akapokea, akaondoka. Mnada uliofuata alinunua duka la jirani.

Nosim hakuweza kuvumilia. Alifunga duka, akachukua bodaboda mpaka kwenye boma la mzee.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Nilikupigia simu," alisema Mzee Senteu. "Nikakusalimu, takwenya. Hukuitika. Nikarudia, hukuitika. Ukaanza kuniamuru, bonyeza hiki, bonyeza kile. Nikakuambia nina ng'ombe anakohoa, ukanikatia."

"Sikuwa mimi, baba. Yaani ni mimi, lakini maneno yale niliyasema zamani, yakahifadhiwa. Ni kama redio."

"Mtu wa redio simjui. Wewe nakujua. Nitajuaje kwamba hunisikii?"

Nosim akauliza habari za yule ng'ombe.

"Alikufa."

Nosim akamwomba apige tena ile namba, yeye akiwa kando. Mzee akatoa kitochi chake, akapiga, akakiweka sikioni. Sauti iliposema bonyeza moja, aliishusha simu ili atafute kitufe, na alipokuwa akitafuta, sauti ilikuwa tayari inataja mbili na tatu. Aliporudisha simu sikioni, ilikuwa imekatika. Nosim alijisikia vibaya kuisikia sauti yake mwenyewe ikimkimbia mzee wa watu.

Kesho yake alirudi na Inosenti, na daktari wa mifugo akaja pamoja nao kuchanja ng'ombe waliobaki. Inosenti hakueleza chochote. Alikaa chini, akamtazama mzee akipiga simu mara kadhaa, kisha akauliza, "Mzee, ungependa aanzeje?"

"Aanze kama mtu. Na kama hanisikii, aniambie hanisikii. Sitakasirika."

Wiki hiyo hiyo walirudi stoo. Sasa sauti ya Nosim ilisema: "Habari za nyumbani? Mifugo haijambo? Mimi ni Nosim wa Wasso. Maneno haya niliyasema mapema, kwa hiyo sasa hivi sikusikii, lakini nakusalimu wewe na watu wako." Ilipofika kwenye vitufe ilisema, "Shusha simu utafute namba taratibu, nakungoja," na kweli ikangoja. Mwishoni mtu aliweza kuacha ujumbe wake kwa mdomo, na daktari akausikiliza asubuhi kabla ya kutoka.

Mkubwa wa mradi aliona salamu ni ndefu mno. Inosenti hakubishana naye. Aliomba wajaribu kwenye minada miwili tu, kwingine waache sauti ya zamani. Pale penye salamu, watu wengi zaidi walisikiliza mpaka mwisho. Mkubwa akasema basi, weka kote.

Mzee Senteu alirudi dukani mnada uliofuata, akaweka mkono kichwani kwa Nosim, akaagiza sukari. Mambo ya simu hakuyataja.

Tangu hapo Nosim hurekodi kila ratiba inapobadilika. Masika ya mwaka huu barabara iliharibika, gari la chanjo likalazimika kuzunguka, ikabidi arekodi haraka ingawa mafua yalikuwa yamemkaba. Sauti ilitoka nzito, pua imeziba. Siku mbili baadaye Inosenti aliingia dukani na kompyuta yake, anacheka.

"Mama Simel, umetuletea kazi. Daktari anatafuta habari za mifugo, anakuta salamu za watu kwako tu."

Akafungua ujumbe wa sauti walioacha wapigaji. Mwanamke mmoja alisema Nosim achemshe tangawizi na asitoke kwenye baridi. Mwingine alisema pole mama, tumekusikia, watoto wote wanakusalimu. Mwanamume wa mbali alitaja dawa ya mizizi aliyotumia baba yake, akaeleza inavyochemshwa, akasahau kabisa kusema alichopigia. Mwingine aliuliza kama hakuna mtu wa kumpokea apumzike.

"Nizifute?" aliuliza Inosenti. "Zinajaza nafasi."

"Utazifuta nikimaliza."

Alirudisha mlango wa duka nusu, akavuta kigoda karibu na kompyuta. Wateja wawili walisimama nje, akawaambia wangoje kidogo, anazungumza na watu.