Vitambaa Nilivyovikana

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo mpaka leo hainitoki. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimevaa nguo za mfungwa, nimekaa kwenye benchi gerezani hapahapa Mwanza. Kosa langu lilikuwa wizi wa cherehani ya fundi mmoja wa Buswelu, mwanamke aliyeshonea barazani kwake. Pamoja na cherehani nilibeba furushi la vitambaa vya wateja wake. Waliponikamata nilikiri cherehani, maana walinikuta nayo. Vitambaa nilikwishaviuza, basi nikavikana mbele ya hakimu bila kupepesa macho. Wahenga walisema, bora kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo niliijua tangu shule. Uzito wake sikuujua.

Kila Jumamosi alikuja mwalimu mstaafu kutoka Nyegezi, tukimwita Mama Esta. Alikuja kwa kujitolea, kututaka tuwafikirie watu tuliowaumiza. Siku hiyo akaniuliza, "Uliyemwibia anaitwa nani?"

"Simjui, mama. Mimi nilichukua cherehani tu, sikumgusa mtu."

Wenzangu walicheka. Mama Esta hakucheka. "Miezi minane umefungwa kwa sababu ya mtu, na hata jina lake hujauliza?"

Baada ya wiki kadhaa, kwa ruhusa ya mkuu wa gereza, alikuja na yule fundi. Aliitwa Mama Zuhura. Mwembamba, kanga kaibana chini ya kidevu. Nikasimama. "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga, nikaanza, "Naomba unisamehe..."

"Sikuja kukusamehe," akasema. "Nimekuja unisikie."

Nikakaa.

"Wateja wangu wanasema vitambaa niliviuza mwenyewe, kwa kuwa wewe ulikana. Vilikuwemo vitenge vya Mama Kabula, jirani yangu, vya arusi ya binti yake. Tumelea watoto pamoja. Sasa akinikuta bombani anachukua ndoo yake anaondoka. Na siku hizi siwezi kushona nikiwa nimeipa barabara mgongo. Kila hatua ya mtu nashtuka."

Mwanangu, nilitafuta pa kuficha macho nikapakosa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilimuuliza nifanye nini.

"Ukitoka, uje useme ukweli. Usije kuniambia mimi, mimi naujua. Waambie wao."

Nilipotoka nilizunguka wiki tatu mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki, nikijidai natafuta kibarua. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mwisho nikaenda Buswelu asubuhi, wanawake wakiwa wamepanga ndoo bombani. Nikasalimia, nikasema mimi ndiye niliyeiba kwa Mama Zuhura, na vitambaa vyote nilivichukua mimi, nikaviuza, nikadanganya mahakamani. Mwanamume mmoja alinikunja shati anipige, wengine wakamzuia.

Mama Kabula aliiacha ndoo inafurika. Akatembea mpaka barazani kwa Mama Zuhura, hatua chache tu kutoka bombani. "Dada," akasema, "nimekusema vibaya mpaka msibani." Wakashikana wakalia, mimi nimesimama pale kama gogo.

Baadaye Mama Zuhura alinigeukia. "Umesema. Sasa nenda."

Neno la msamaha hakulitamka siku ile, wala siku nyingine yoyote, mpaka alipofariki. Nami sikumdai. Msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Akikupa, pokea kwa mikono miwili, akikunyima, nyamaza.

Ndiyo maana leo, na mvi zangu hizi, nakuja kukaa nawe kwenye benchi hili kila Jumamosi. Kifungo utakimaliza, siku zinakwenda zenyewe. Lakini kuna mtu nje anayeishi na ulichomtendea, naye hana tarehe ya kutoka. Uliza jina lake. Msikilize kabla hujajitetea. Kama kuna ukweli ulioubana, useme palepale ulipomharibia, hata ukitetemeka. Kuomba radhi si utumwa, lakini usiombe ili upate usingizi wewe. Omba ili yeye aweze kuinua uso mbele ya watu.

Mungu akulainishie moyo, mwanangu. Akupe masikio ya kusikia, na siku lango hili litakapofunguliwa, akupe miguu ya kwenda kule unakoogopa kwenda. Amina.