Sabuni ya Mche Niliyoitabiri Kwenye Karatasi

Chekeni taratibu, maana aibu bado haijaniisha. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya kemia, nikapangiwa kijiji cha Ujamaa huku Kawetele. Niliwaahidi wanakijiji sabuni ya mche kwa duka lao, wakanikabidhi mafuta yote ya ng'ombe wawili. Kwa hofu ya kukosea, nilichora molekuli za mafuta yale siku tatu: minyororo mirefu, iliyonyooka, itakayojipanga kama kuni. Nikatabiri sabuni ngumu kama tofali. Majivu ya maganda ya ndizi, ya kuchemshia mafuta hayo yawe sabuni, sikuyachora. Majivu ni majivu!

Siku ya kukata miche alikuja mgeni kutoka wilayani. Nilipofungua kalibu, lile sanduku la kugandishia, kisu mkononi, sabuni iliteremka kama uji, ikafunika viatu vyake.

"Ndugu mtaalamu," akauliza, "hicho kisu ni cha nini?"

Ndipo nikakumbuka: majivu ya ndizi yana potasiamu, si sodiamu kama magadi, na sabuni yake hubaki laini.

Bibi Tusekile, aliyenichomea maganda, akatoa kibuyu. Akina mama wote wakatoa vyao.

"Bibi, kumbe mlijua?"

"Tangu enzi za mama yangu, mwanangu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa unazungumza na karatasi. Sasa sogea, tuchote."