Herufi Mbili za Mchapaji wa Barazani

Mtandao ulifungwa mwaka wa uchaguzi. Hapana, nimesema vibaya, uchaguzi ulikuwa umeshapita. Ulifungwa mwaka uliofuata, maana mchapaji wa barazani alikuwa ameshaiacha mashine yake ya zamani na kuchukua kompyuta, na hilo alilifanya baada ya uchaguzi, shingo upande, akiinunia kompyuta ile kama mke mwenza.

Mama huyu alikuwa na meza kwenye baraza ya mahakama, chini ya dirisha la masjala, kwa miaka ishirini na saba. Alichapa viapo, mikataba ya kupanga nyumba, barua za kuomba kazi, na maombi ya talaka, ambayo aliyachapa polepole makusudi huku akiwashauri wenyewe, bila kuulizwa, warudi nyumbani wakalale kwanza. Chini ya kila ukurasa, upande wa kushoto, aliweka herufi mbili ndogo za jina lake. Ndivyo alivyofundishwa ujanani: kazi ikiwa na kosa, mwenye kosa ajulikane. Mchapaji wa meza ya pili, mzee mmoja aliyemwita shemeji bila udugu wowote, alikuwa akimtania kwamba hata orodha ya vitunguu na sabuni ataitia herufi.

Binti yake wa pekee alikuwa muuguzi nchi ya mbali, na ana mimba ya kwanza. Kila Jumamosi asubuhi walikuwa wakionana kwenye simu. Jumamosi moja simu ikagoma. Mama akadhani imekufa, akaipeleka kwa fundi. Fundi akaigeuza mara mbili, akamwambia simu ni nzima kabisa, wanaoumwa ni wengine. Mchana ule redio ikatangaza kwamba kurasa na huduma kadhaa za mtandao zimefungwa kwa usalama wa wananchi. Usalama gani huo? Ni mwananchi yupi aliyekwenda kulalamika kwamba sauti ya mwanawe inamhatarisha?

Baada ya miezi miwili ikaja bahasha kwa posta. Binti alieleza kwamba bunge la nchi anayoishi limepitisha sheria ya kuwasaidia watu waliofungiwa mtandao na serikali zao. Kwa fedha za sheria hiyo kumetengenezwa programu ya kupita pembeni ya kufuli, na mwongozo wake umeandikwa hata kwa Kiswahili. Uzuri ulioje. Ila mwongozo wenyewe uliwekwa mtandaoni, kwenye ukurasa ambao huku nao umefungwa. Yaani ufunguo umeachwa ndani ya chumba, na mlango umekomewa. Ndiyo maana binti aliuchapisha kwenye karatasi, akaubandika stempu.

Zilikuwa kurasa nane za maandishi madogo kama sisimizi. Mama alizifuata hatua kwa hatua: akatuma barua pepe, ambayo haikuwa imefungwa, kwenye anwani iliyotajwa, programu ikamjia, na Jumamosi ile akamwona binti yake, tumbo limekuwa kubwa. Akalia, kisha akamgombeza kwa kukonda uso.

Angeishia hapo, leo angekuwa barazani. Lakini habari haikai. Akaja mwalimu aliyekuwa akisubiri majibu ya chuo, akaja mjane ambaye mwanawe ni baharia, wakaja na wengine. Mama akauchapa upya mwongozo kwa maandishi makubwa, akatoa nakala, akampa kila aliyeuliza. Na mkono, kwa mazoea yake, ukaenda wenyewe chini ya kila ukurasa, upande wa kushoto, ukaweka zile herufi mbili.

Siku tisa tu. Wakaja watu wawili wenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri, mmoja ameshika nakala. Upelelezi haukuwatoa jasho: waliilinganisha karatasi na viapo vilivyojaa masjala, basi.

Ofisa aliyemhoji hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alimpa kiti, akaagiza aletewe maji. Akamweleza kwamba sheria ya bunge la nchi ya watu haivuki mpaka, na kwamba kibali chake cha kukaa barazani kitafutwa, isipokuwa aandike kuwa herufi zile si zake, kuna mtu aliyeziiga.

"Mtu gani?" mama aliuliza.

"Mama yangu, pale barazani mko wachapaji wawili tu," ofisa alisema taratibu. "Fikiria. Sisi hatuna haraka."

Akaelewa. Akamfikiria yule mzee wa meza ya pili, na macho yake mabovu, anayechapa kwa vidole viwili. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka.

"Andika ni zangu," alisema. "Nimechapa amri za mahakama hii miaka ishirini na saba. Sijaona amri isiyo na namba, tarehe na sahihi. Nionyeshe hiyo ya kufunga mtandao."

Ofisa akamwambia ilitangazwa redioni.

Kibali kikafutwa siku ileile. Meza ikatolewa, mama ameshika upande mmoja, mzee upande wa pili. Walipofika barabarani mzee akasema, "Shemeji, si ungeniuza tu? Macho yenyewe yameshakwisha." Mama akamwambia anyamaze, asije akamwangushia meza miguuni.

Sasa anachapia sebuleni kwake, na wanaofika ni wachache, maana mtu mwenye kesi hataki kutembea mbali na mahakama. Kutoka hapo ameiandikia wizara barua nne, kila moja na tarehe yake na sahihi yake. Mimi, yule mzee wa meza ya pili, ambaye siku hizi kazi yangu ni kutembea, ndiye niliyezipeleka kwa mkono. Na kila nilipofika niliuliza pia kwa mdomo, dirisha hadi dirisha, swali lake la mstari mmoja: aliyeufunga mtandao ni nani, na jina lake ameliandika wapi?